Mintarafu ya Kusoma Pamoja Kitabu cha Darwin

Miongoni mwa vitabu vya ilimu vilivyopata kuandikwa kwa ajili ya watu wote, wala si kwa ajili ya wataalamu peke yao, sikijui kimoja kinachodai kusomwa katika kikao kama kile alichokitoa Charles Darwin mjini London tarehe 24 Novemba 1859, ambacho sisi tumezoea kukiita kwa ufupi Asili ya Spishi. Na nasema kinadai, kwa sababu mtungaji wake hakukiandika kwa namna ya hakimu anayetoa hukumu akaondoka, bali kwa namna ya mtu aliyeleta hoja yake mbele ya wenzake, akaipanga dalili baada ya dalili, akazitaja kwa kinywa chake mwenyewe pingamizi kubwa kubwa zinazoweza kuletwa dhidi yake, hata akazitengea sura nzima, ya sita, kisha akamwachia msomaji aende akatazame zizini, shambani na kizimbani kwake kama mambo ni hivyo au sivyo. Kitabu cha namna hii, msomaji akiwa peke yake, humpa nusu tu ya alichokusudia mwandishi. Nusu ya pili imo kwa jirani afugaye mbuzi, kwa shangazi achaguaye mbegu za mahindi baada ya mavuno, na kwa mvuvi ajuaye ni samaki gani hupatikana kwenye miamba na yupi kwenye matope.

Darwin mwenyewe alikuwa na nia ya kuandika kitabu kikubwa zaidi, chenye majuzuu na marejeo, naye alikwisha kukianza. Lakini mnamo Juni 1858 alipokea waraka kutoka kwa Alfred Russel Wallace, aliyekuwa katika visiwa vya Malay, na ndani yake akaikuta fikira ile ile aliyokuwa ameihifadhi kwa miaka 20, yaani kwamba katika kila kizazi huzaliwa viumbe wengi kuliko wawezao kuishi, kwamba hawafanani sawasawa, na kwamba wale ambao tofauti yao ndogo inawafaa mahali walipo ndio aghalabu wabakiao na kuzaa, hatta kidogo kidogo, katika muda usiokadirika, aina moja ikawa aina nyingine. Makala za wote wawili zilisomwa London mbele ya Jumuiya ya Linnean tarehe 1 Julai 1858, kisha Darwin akajifungia kuandika kile alichokiita muhtasari. Muhtasari huo ulifika kurasa takriban 500, na ndani yake mna mchoro mmoja tu. Mimi naona ule upungufu wa muda ulikuwa ni neema kwetu, kwa sababu kitabu kikubwa kingalibaki katika makabati ya wanazuoni, ilhali huu muhtasari uliweza kubebwa, kuazimwa na kusomwa kwa sauti.

Sura ya kwanza haianzi na visukuku, wala na nyani, wala na safari ya Galápagos ambayo watu wengi hudhani ndiyo kiini cha mambo yote. Inaanza na wanyama wa nyumbani na mimea ya bustani, na humo njiwa ndio waliopewa nafasi kubwa. John Murray, mchapishaji, alipompa kasisi Whitwell Elwin, mhariri wa jarida la Quarterly Review, asome mswada ule na kumpa shauri, kasisi alijibu kwamba ingekuwa bora Darwin aandike kitabu juu ya njiwa peke yao, kwa kuwa kila mtu ana hamu na njiwa. Waandishi wengi wa zama hizi huisimulia habari hiyo kwa kuicheka. Mimi sioni cha kucheka, maana Elwin alitambua jambo la kweli juu ya wasomaji, nalo ni kwamba mtu huingia katika ilimu ngeni kupitia mlango wa kitu alichokwisha kukishika kwa mikono yake.

Nimeyashuhudia hayo barazani kwetu Tanga. Tulikuwa jamaa wachache baada ya sala ya isha, nami nikiwasomea sura ile kwa Kiswahili nilichokifasiri papo hapo, nikieleza jinsi Darwin alivyowapanga njiwa wa mashabiki wa London: yule ajazaye kifua upepo hatta kichwa kisionekane vyema, yule apindukaye angani akiruka, yule mwenye nyama nyingi zilizovimba kuzunguka macho, na yule ambaye mkia wake una manyoya 30 au hata 40 badala ya 12 au 14 ya njiwa wa kawaida. Mzee mmoja, mfugaji wa njiwa manga tangu utoto, alikuwa akisikiliza huku amefumba macho. Nilipofika mahali ambapo Darwin asema kuwa hawa wote, pamoja na tofauti zao, ni kizazi cha njiwa mmoja wa majabali, alifumbua macho akasema, "Ngoja hapo, mwanangu. Huyo mtu amewachanganya weusi na weupe?"

Nikamwambia, "Naam, mzee wangu, amewachanganya."

"Basi wajukuu wake wametoka kijivu," akasema, "na mbawani wana mikanda miwili myeusi."

Nilikuwa sijafika ukurasa huo. Nikapekua, nikawasomea: kwamba Darwin aliwaoza njiwa weupe wa mkia mpana na njiwa weusi wa aina nyingine, akapata watoto wa madoa ya hudhurungi na weusi, kisha akawaoza hao watoto wao kwa wao, na mmoja katika wajukuu wa weupe halisi na weusi halisi akatoka na rangi nzuri ya kijivu cha samawati, kiuno cheupe, na mikanda miwili myeusi mbawani, sawasawa na njiwa wa mwituni aishiye katika majabali. Barazani hapo pakawa na zogo kubwa, kila mtu akitaka kujua mzee amelijuaje jambo lililochapishwa Ulaya zaidi ya miaka 150 iliyopita, naye akaeleza kwa utulivu kwamba babaye alimkataza kuacha njiwa weupe wachanganyike na weusi, kwa sababu baada ya vizazi viwili "hurudi ukoo". Alilolijua mzee wetu kama kanuni ya ufugaji, Darwin alilifanya kuwa burhani: maadamu rangi ya mhenga yaweza kurudi katika kizazi ambacho wazazi wake hawanayo, basi mhenga huyo yupo, na aina zote hizo zinaelekea kwake. Kwa nini hasa hurudi, Darwin hakulijua. Elimu ya urithi ilikuwa bado, na mtawa Gregor Mendel, aliyekuwa katika mji wa Brünn akipanda njegere zake, alichapisha kanuni zake mwaka 1866, zikapuuzwa hadi 1900.

Jambo lenyewe lisitushangaze sana, kwani maarifa haya yalitoka kwa watu kama mzee yule tangu mwanzo. Darwin alijiunga na vyama viwili vya wafuga njiwa mjini London, akaketi na mafundi na wachuuzi akiwasikiliza. Akaagiza ngozi za njiwa kutoka Bara Hindi na Uajemi. Akaandikiana na wakulima wa bustani, wafugaji wa kondoo, mabalozi, manahodha na makasisi, hata barua zake zinazojulikana, alizoandika na alizoandikiwa, ni zaidi ya 14,000. Na kabla ya hayo yote, alipokuwa kijana mwanafunzi wa utabibu huko Edinburgh mwaka 1826, alijifunza kazi ya kukausha na kujaza ngozi za ndege kwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa Guyana akapata uhuru wake, naye alikuwa akifundisha kazi hiyo kwa malipo. Na ustadi ule ndio uliomfaa Darwin katika safari yake ya miaka mitano katika merikebu ya Beagle. Kwa hiyo kitabu kinaporudi barazani kwa wafuga njiwa, kinarudi kwa wenyewe.

Namna kitabu hiki kilivyoenea ni kisa kinachostahiki kusimuliwa kwa taratibu, kwa sababu kinaonyesha kazi ya kuazimana. Murray alichapisha nakala 1,250, bei yake shilingi 15, fedha iliyozidi ujira wa wiki wa kibarua wa shambani katika Uingereza ya siku zile. Lau ingetegemewa mifuko ya wanunuzi peke yao, kingalibaki kwa matajiri. Lakini nakala 500 zilichukuliwa na Mudie, mwenye maktaba kubwa ya kuazimisha vitabu London, ambaye mwanachama wake kwa ada ya gini moja kwa mwaka aliletewa vitabu na kuvirudisha, na kila kitabu kikapita katika nyumba nyingi. Wiki chache tu baadaye, Januari 1860, ikabidi kuchapishwa nakala 3,000 nyingine, na katika toleo hilo Darwin aliingiza maneno ya kasisi mmoja mashuhuri, bila kumtaja jina, aliyemwandikia kwamba kumwamini Mungu aliyeumba maumbo machache yenye uwezo wa kujikuza yenyewe ni jambo tukufu sawa na kumwamini Mungu ahitajiye kuumba upya kila mara. Kasisi huyo alikuwa Charles Kingsley, naye alipata nakala yake kwa zawadi, kabla kitabu hakijatoka.

Wala si kitabu hiki peke yake kilichofanya kazi kwa njia hiyo. Mwaka 1844 kilikuwa kimetoka kitabu kingine juu ya mageuko ya viumbe, kisicho na jina la mwandishi, kikasomwa na watu wa kila tabaka hatta Prince Albert akamsomea Malkia Victoria kwa sauti. Na mtungaji wake, Robert Chambers wa Edinburgh, jina lake halikuchapishwa juu ya kitabu hicho hadi mwaka 1884, naye alikwisha kufa. Wataalamu walikishutumu kwa makosa yake, na makosa yalikuwamo kweli. Lakini kilimfikia kijana mmoja mpimaji ardhi, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14 hivi, aliyezoea kusoma katika maktaba ya mji wa Leicester, na huko ndiko alikojuana na kijana mwenziwe, Henry Bates, mkusanyaji wa mbawakawa. Wakaandikiana juu ya kitabu hicho. Mmoja akakiona dhaifu, mwingine akasema ni dhana inayostahiki kutafutiwa ushahidi. Na mwaka 1848 wote wawili wakapanda merikebu kwenda mto Amazon kuutafuta ushahidi huo. Yule aliyekitetea kitabu ndiye Wallace, yule yule ambaye miaka 10 baadaye, akiugua homa visiwani, alimwandikia Darwin ule waraka. Na Asili ya Spishi ilipomfikia huko huko Malay, alikisoma mara tano au sita, kila mara akizidi kukistahi, ingawa kilimtangulia katika jambo ambalo naye angeweza kulidai. Insafu ya namna hiyo ni adimu.

Hata hivyo, katika habari zote za kupokezana kitabu hiki, iliyoniingia moyoni zaidi ni ya nakala moja huko Marekani. Darwin alimpelekea kitabu Asa Gray, mwalimu wa mimea katika chuo cha Harvard, naye Gray akakisoma kalamu mkononi, akajaza alama na maneno pembezoni, kisha akampa Charles Loring Brace, jamaa wa mkewe, mtu aliyeshughulika na watoto maskini wa New York na adui wa utumwa. Tarehe 1 Januari 1860 Brace alikichukua hadi mji mdogo wa Concord, nyumbani kwa mwalimu Franklin Sanborn, na hapo mezani wakaketi watu wanne: wenyewe wawili, na waandishi Bronson Alcott na Henry David Thoreau. Tufahamu siku zenyewe zilikuwa zipi. Haujatimia hata mwezi mmoja tangu John Brown anyongwe huko Virginia kwa kujaribu kuwainua watumwa wapigane, na Sanborn alikuwa mmoja wa watu sita waliomsaidia Brown fedha kwa siri, akiishi katika hatari ya kukamatwa wakati wowote.

Je, kitabu cha njiwa na mbegu kiliwahusu nini watu hao? Katika chuo kile kile cha Harvard alikuwako Louis Agassiz, mwanazuoni mashuhuri kuliko wote katika nchi ile, aliyefundisha kwamba kabila za binadamu ziliumbwa mbali mbali, kila moja mahali pake, na fundisho hilo lilipendwa mno na mabwana wa watumwa, kwa kuwa liliwaondolea Waafrika udugu. Kitabu cha Darwin hakikusema juu ya binadamu ila sentensi moja mwishoni, ya kwamba nuru itaangazwa juu ya asili yake. Lakini mtu yeyote mwenye akili aliyeusoma ule mlango wa njiwa aliweza kuikamilisha hoja mwenyewe: ikiwa njiwa wenye tofauti kubwa kiasi kile ni watoto wa mhenga mmoja, watu, ambao tofauti zao ni ndogo zaidi, wataachaje kuwa ndugu? Brace alikuja kuandika kitabu chake mwenyewe juu ya mataifa ya watu, mwaka 1863, kwa kuitegemea hoja hiyo. Simfichi msomaji kwamba wengine, na katika miongo iliyofuata walikuwa wengi, waliligeuza jina la Darwin kuwa silaha ya kuyadharau mataifa yasiyo ya Ulaya, na kwamba Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha 1871 juu ya binadamu, ana kurasa zinazomuumiza msomaji wa Kiafrika. Lakini ni katika kitabu hicho hicho alipobashiri kwamba yamkini wahenga wa kwanza wa binadamu waliishi Afrika, wakati ambapo hapakuwa na mfupa mmoja wa kumuunga mkono. Na mifupa ikaja kupatikana, mingine katika bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu mashuhuri tarehe 17 Julai 1959.

Alcott hakupendezwa na kitabu, alikiona kimeisahau roho. Thoreau alikitafuta, akakisoma kwa makini akinakili dondoo daftarini, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo akasimama mbele ya chama cha wakulima wa wilaya yake akawaeleza, kwa mambo aliyoyaona kwa macho yake misituni, kwa nini msitu wa misonobari ukikatwa huota mialoni: mbegu zilikuwa zimezikwa chini na kindi na kupelekwa huko na ndege, miaka mingi kabla ya shoka. Hivyo nakala moja iliyochorwa-chorwa ilitoka kwa profesa, ikapita kwa mtetezi wa maskini na kwa mwalimu aliyewindwa na serikali, na fikira yake ikafika kwa wakulima wa Concord kwa kinywa cha mtu aliyekaa nayo mezani siku ya mwaka mpya.

Uingereza nako wafanyakazi hawakungoja kualikwa. Mwishoni mwa mwaka 1862 Thomas Huxley alitoa mihadhara sita kwa mafundi na vibarua katika jumba la makumbusho ya jiolojia, barabara ya Jermyn, London, akiwaeleza hoja ya Darwin hatua kwa hatua. Mmoja aliyehudhuria akaandika kila neno kwa hati mkato, na kila mhadhara ukauzwa kama kijitabu kwa peni chache. Na toleo la tano la Asili ya Spishi lilipokuwa bado likiuzwa shilingi 15, Darwin akapata habari kwamba wafanyakazi huko Lancashire, nchi ya viwanda vya pamba, walikuwa wakichangishana fedha ili wanunue nakala moja ya shirika. Habari hiyo ilimgusa, akamhimiza Murray atoe toleo la bei nafuu, nalo likatoka mwaka 1872, herufi ndogo, bei shilingi saba na nusu, na mwishoni pamewekwa faharasa inayofasiri maneno ya kitaalamu kwa msomaji asiyepata masomo ya juu. Faharasa ile, kwa macho yangu, ni katika kurasa za heshima kubwa zilizopata kuongezwa katika kitabu cha ilimu, maana inakiri kwamba msomaji asiyejua neno hana hatia, na kwamba ni wajibu wa kitabu kumfikia alipo.

Katika nchi za Kiarabu, ambako sisi wa pwani tumezoea kuelekeza macho kwa mambo ya ilimu na dini, mjadala haukuchelewa. Jarida la al-Muqtataf lilianzishwa Beirut mwaka 1876 na Yaqub Sarruf na Faris Nimr. Mwaka 1882 likachapisha hotuba ya mwalimu Edwin Lewis, aliyemtaja Darwin kwa sifa mbele ya wanafunzi wanaohitimu, na kwa ajili hiyo mwalimu huyo akapoteza kazi yake na wanafunzi wakagoma. Mwandishi Shibli Shumayyil akalishika jambo hilo kwa ukali wa mtu asiyetaka suluhu na dini. Lakini aliyenivutia mimi ni Sheikh Husayn al-Jisr wa Tarabulus ya Sham, ambaye katika risala yake ya mwaka 1888 hakumkufurisha mtu kwa haraka wala hakuinama kwa kila kipya, bali alisema kwa utaratibu wa mwanafikihi: jambo hili halijathibiti kwa dalili ya yakini, hivyo hatulazimiki nalo, na likija kuthibiti kwa dalili ya yakini, zitafasiriwa aya kwa namna isiyopingana na uthabiti huo, kwa sababu Muumba ni yule yule, aumbe mara moja ama aumbe kwa taratibu. Mwanafunzi wa al-Jisr alikuwa Rashid Rida, mwenye jarida la al-Manar lililoanza Kairo mwaka 1898, na al-Manar ndilo lililosomwa Unguja na Mombasa na masheikh wetu, akiwamo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui. Na mwaka 1918 Ismail Mazhar akatoa Kairo tafsiri ya Kiarabu ya sura tano za mwanzo za Asili ya Spishi, na sura ya njiwa imo. Wako wanaopenda kusema kwamba al-Jahiz au Ibn Khaldun aliyasema haya yote zamani. Nawaheshimu wahenga hao kiasi cha kutotaka kuwavika vazi lisilo lao, kwani walieleza daraja za viumbe na mapigano ya wanyama kwa uhodari mkubwa, lakini hoja ya uteuzi wa asili, ikiwa imefungwa kwa ushahidi wake, si yao.

Anayetaka kukisoma kitabu hiki na wenzake asianze na swali la binadamu na nyani. Swali hilo hulipua baraza kabla hoja haijaelezwa, na watu huondoka wakiwa wamegombana juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema, maana Darwin hakudai kuwa mtu amezaliwa na nyani tunayemwona leo mtini, bali kwamba wana mhenga wa mbali wa pamoja. Aanze na sura ya kwanza, asome kurasa chache, kisha anyamaze na kuwaacha wenye mifugo waseme. Sura ya tatu na ya nne, juu ya kung'ang'ania kuishi na uteuzi wa asili, zisomwe pole pole, na kwa watu wa mashambani zitaeleweka upesi kuliko kwa watu wa mjini. Sura ya sita ya pingamizi apewe asome yule aliye mkaidi kuliko wote katika kikao. Nimeona mara nyingi kuwa mkaidi akikuta mwandishi amekwisha kuitaja shaka yake, husikiliza zaidi.

Na kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna kitabu cha pili cha kuweka kando ya hicho, nacho ni kile alichokiandika Tijs Goldschmidt, mtaalamu wa Kiholanzi, juu ya furu wa Ghuba ya Mwanza, kilichotoka kwa lugha yake mwaka 1994 na kwa Kiingereza mwaka 1996. Wavuvi wa Ziwa Viktoria walimhesabu furu kuwa samaki mdogo wa kawaida. Watafiti waliotoka chuo cha Leiden, wakifanya kazi Mwanza pamoja na wenzao Watanzania tangu miaka ya 1970, walikuta kwamba hao ni zaidi ya spishi 500, karibu zote hazipatikani penginepo duniani: wengine huvunja konokono kwa taya la pili lililo ndani ya koo, wengine hukwangua mwani miambani, wengine hula magamba ya wenzao, na wako wanaowashambulia majike yanayolea mayai kinywani wakawanyang'anya watoto. Ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, hivyo kwa kadiri ya wataalamu wengi aina hizo zimegawanyika katika muda ambao kwa historia ya dunia ni mfupi mno. Mmoja wa furu hao, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu, amepewa jina la kitaalamu la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere.

Goldschmidt aliandika akiwa na huzuni, kwani aliona kwa macho yake sangara, walioingizwa ziwani katika miaka ya 1950, wakifurika ghubani katika miaka ya 1980 na furu wakitoweka nyavuni, aina kwa mamia. Lakini kitabu chake kilichapishwa kabla ya mambo mawili ambayo anayekisoma leo na wenzake inampasa ayaongeze pembezoni. La kwanza ni kwamba mwaka 1997 Ole Seehausen na wenziwe walionyesha jinsi uchafu wa maji unavyochangia kuwamaliza furu: jike humchagua dume wa aina yake kwa rangi, na maji yakiwa machafu rangi hazionekani, aina mbili zikachanganyika zikawa moja. La pili ni kwamba sangara walipopungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, baadhi ya furu walirudi, nao hawakurudi kama walivyokuwa. Frans Witte na wenziwe walipowapima wale walao vidudu vya majini, wakilinganisha na waliohifadhiwa katika spiriti tangu kabla ya mafuriko ya sangara, walikuta matamvua yameongezeka eneo la kuvutia hewa katika maji yaliyopungukiwa oksijeni, na maumbo ya vichwa yamebadilika, na yote hayo katika miaka 20 hivi, muda ambao mvuvi wa Mwanza aliyeanza kazi akiwa kijana bado anashusha nyavu zake na anaweza kuulizwa.